Punje Zisikauke

Mtani hakasiriki. Ndiyo sheria, na atakayekasirika ndiye mwenye makosa, hata akitukaniwa babu yake aliyeko kaburini. Masolwa aliikuta sheria hiyo kwao Bukene, akakua nayo, akawatukana watani zake nao wakamtukana, na wala hakuona tabu yoyote mpaka siku alipomzika mkewe, Suzana.

Siku hiyo Mustafa aliingia uani kwa wafiwa amejifunga khanga ya marehemu. Lo! Ile ile ya bluu, aliyoichomoa kwenye kamba nyuma ya nyumba. Mustafa alikuwa Mzaramo, amefanya kazi na Masolwa miaka mingi kwenye karakana ya nta nyuma ya stesheni ya Tabora, na Mzaramo kwa Mnyamwezi ni mtani tangu zama za misafara, babu za hawa walipopita kwa babu za wale na pembe za ndovu mabegani wakielekea Bagamoyo. Suzana mguu wake mmoja ulikuwa mfupi. Basi Mustafa akachechemea kama yeye, akakunja mdomo kama yeye, akapaza kisauti chembamba: "Masolwa weee! Bora nimekufa, nipumzike na mikoromo yako!"

Uani watu waliangua kicheko. Mama yake Suzana alicheka mpaka akashikwa mabega asianguke. Ndiyo kazi ya watani kwenye msiba, kuwachekesha wafiwa wasije wakafa na wao, na Mustafa kazi hiyo aliijua kuliko mtu yeyote pale mjini. Masolwa naye alicheka. Akatoa tetea kuikomboa khanga, maana kilichokamatwa na mtani hakirudi bure. Ila tangu saa ile alimchukia Mustafa, akamchukia kwelikweli, chuki ya kumkosesha mtu hamu ya ugali. Na angemwambia nani? Wangemcheka.

Karakana yenyewe ilikuwa ya Fakhrudin, mfanyabiashara wa mjini, aliyenunua nta kwa warina asali wa Urambo na kuisafisha iwe nyeupe kwa ajili ya mishumaa na mafuta ya kujipaka. Zamani waliisafisha kwa kumimina dawa yenye rangi ya chungwa pamoja na tindikali ndani ya sufuria la nta. Nta ilikuwa nyeupe, ndiyo, lakini ilibaki na tope la kijani lisilotoka, na maji ya kuioshea yaliwaua bata wa jirani. Ndipo alipoletwa Advera, mkemia, binti wa Kihaya mwenye maneno machache, naye akaja na punje.

Zilikuwa punje za plastiki, ndogo kama ulezi. Advera alizilowesha kwenye ile ile dawa mpaka zikainywa na kuwa za rangi ya chungwa. Dawa ikang'ang'ania kwenye punje, haikutoka tena. Punje zikajazwa kwenye bomba la kioo, nta iliyoyeyushwa ikapitishwa katikati yake, ikatoka chini nyeupe pe, haina tope, haina harufu. Dawa ilifanya kazi yake ikiwa imekaa palepale kwenye punje. Zikichoka ziligeuka kijani, zikaoshwa, zikanyweshwa dawa upya, zikarudi kazini. Fakhrudin alizunguka karakana nzima akicheka peke yake.

"Sasa nisikilizeni, wazee wangu," Advera aliwaambia Masolwa na Fakhrudin siku ya kwanza, vijana wa karakana wakiwa bado hawajaajiriwa. "Dawa hii inatoa oksijeni, na oksijeni ndiyo pumzi ya moto. Plastiki ni kuni. Kwenye punje hizi kuni na pumzi ya moto vimelala kitanda kimoja, na kinachovitenganisha ni maji tu. Kwa hiyo zisikauke. Zikikauka, msiziguse, msizisugue, msizikwangue. Mwagieni maji mkiwa mbali, halafu mniite."

Mustafa hakuwepo siku hiyo, alikuwa amelala nyumbani na malaria yake. Advera akamwambia Masolwa amfikishie maneno. Masolwa akayafikisha nusu. "Madamu kasema punje zisikauke, zitaharibika," alimwambia Mustafa aliporudi, akageuka kwenda zake. Hakupenda kusimama na yule mtu zaidi ya pale kazi inapolazimisha. Siku hiyo hakuwa na nia mbaya, tusimsingizie. Alikuwa na uvivu wa chuki, basi.

Masolwa ndiye aliyepewa kuzitunza punje. Kila asubuhi alifunua ndoo, akatazama maji, akaongeza, akafunika. Aliipenda kazi hiyo kuliko alivyopenda kitu chochote tangu Suzana afariki, na Mustafa aliliona hilo haraka sana, kwa sababu mtani hodari huona unachokipenda kabla hujakijua mwenyewe. Akaanza kumwita Bwana Punje. "Bwana Punje, zimelala salama? Bwana Punje, umezinyonyesha?" Vicheko kila asubuhi. Masolwa akajibu kama inavyotakiwa: "Kaa kimya, mla nazi wewe." Vicheko tena.

Basi, Oktoba moja, joto la Tabora limekaza na mvua haijulikani itakuja lini, Masolwa alifika kazini siku ya Ijumaa asubuhi akakuta ndoo moja haipo. Ilikuwa ya punje mpya, zilizonyweshwa dawa juzi yake, zimeiva rangi. Hakuwa amemaliza hata kushangaa, Mustafa akatokea mlangoni mikono kiunoni.

"Unatafuta nini, mpagazi wangu? Watoto wako nimewakamata."

"Rudisha, Mustafa."

"Nirudishe? Thubutu! Mzigo umekamatwa njiani, mzigo unakombolewa. Namtaka yule jogoo wako mwekundu."

Vijana wa karakana walishangilia. Jogoo mwekundu! Jogoo yule alikuwa wa Suzana. Alimlea tangu kifaranga, akimlisha pumba kiganjani, na jogoo alipougua alimlaza kwenye kikapu chini ya kitanda chake. Ndicho kitu pekee chenye uhai kilichobaki ndani ya ile nyumba zaidi ya Masolwa mwenyewe.

"Umeziweka wapi?" aliuliza.

"Jikoni kwangu, darini, pamoja na mahindi ya mbegu. Zinaota moshi vizuri tu. Mali ya mtu huwekwa juu ya mafiga, au siyo?"

"Na maji yake?"

"Maji ya nini? Siku mbili tatu hazitaharibika. Ndoo ilikuwa nzito kama mama mkwe wako. Niliyamwaga mferejini, nikafunika na gunia la nta."

Hapo ndipo Masolwa alipojua. Alijua vizuri kabisa, kama unavyojua jina lako. Punje zimekaa kavu juu ya moto, zimefunikwa gunia lililolowa nta, katika nyumba ya mtu asiyejua. Ng'ambo, alikokaa Mustafa, si mbali. Mtu angekwenda na ndoo ya maji na kurudi kabla chai haijapoa. Au angemchukua pembeni, akamshika mkono, akamwambia, ndugu yangu, acha mchezo, hizo zitakuua. Maneno hayo alikuwa nayo mdomoni.

Badala yake akachechemea. Ndiyo, alichechemea vilevile Mustafa alivyochechemea siku ile, akatingisha kiuno, akapaza kisauti cha kike: "Weee mla nazi! Zikikauka hizo zitakulipua, tukuokote vipande vipande juu ya mabati ya majirani!"

Mbavu za watu! Mustafa mwenyewe aliegemea sufuria la nta akicheka mpaka machozi. "Vipande vipande! Basi mnizike kwenye kisado!"

Masolwa akarudi kwenye ndoo zake. Nimemwambia, alijisemea moyoni. Nimemwambia mbele ya watu, ukweli mtupu, na wote ni mashahidi. Na kweli alimwambia. Jamani, kuna watu wanajua kusema ukweli namna ambayo hata shetani angewasifu! Alitaka nini? Alitaka Mustafa aungue. Si kufa, la, kuungua tu kidogo, vidole, ile mikono iliyoishika khanga ya Suzana. Alilala na picha hiyo na akapata usingizi mzuri.

Jumamosi Advera alikuja kukagua. "Shikamoo, mzee Masolwa."

"Marahaba, mwanangu."

"Naona ndoo imepungua hapa."

"Nimeisogeza kule nyuma, madamu, kwenye kivuli. Nimeijaza maji."

"Ahsante. Hili joto linanitisha." Akapita, hakwenda kutazama, kwa kuwa Masolwa hakuwahi kumdanganya hata mara moja.

Jumapili, Masolwa alirudi kutoka kanisani akamkuta jogoo amesimama kizingitini anamngoja. Alimtazama. Kumpeleka kwa Mustafa, hapana, bora afe. Lakini kukaa naye, naye akiwika kila alfajiri, na kila akiwika Masolwa akumbuke ndoo iliyoko darini kwa watu, hilo nalo alilishindwa. Akachukua kisu. Alimchinja jogoo wa Suzana, akamnyonyoa, akampika kwa chumvi tu, akamla peke yake mpaka akamaliza, na hakusikia ladha yoyote. Mfupa wa paja aliufunga kwenye gazeti.

Jumatatu akaupeleka karakanani. "Haya, mtani. Mkombozi huyo hapo."

Mustafa alifungua gazeti mbele ya watu wote. Alipouona mfupa, alianguka chini, nasema alianguka, akagaragara kwenye vumbi akipiga mikono sakafuni. "Mnyamwezi huyu! Mnyamwezi huyu ataniua mimi!" Vijana walicheka mpaka wakashika matumbo. Masolwa alisimama pale akitabasamu.

Kisha Mustafa akaketi, akapangusa macho, akautazama tena ule mfupa. Akaugeuza. Kicheko kikaanza kumtoka usoni taratibu.

"Huyu ni yule mwekundu?"

"Ndiye."

"Jogoo wa Suzana?"

Masolwa aliokota lile gazeti, akalikunja.

"Mimi nilidhani utaniletea kuku yeyote wa sokoni, nawe utanidanganya ndiye," Mustafa alisema, sasa kwa sauti ndogo, watu wasisikie. "Wala sikutaka... Masolwa. Mtani wangu. Umekasirika?"

Masolwa alimtazama yule mtu aliyekaa vumbini. Kwa mara ya kwanza katika maisha yao Mustafa alikuwa akimuuliza jambo bila mzaha, na uso wake bila mzaha ulikuwa uso wa mzee wa kawaida tu, umechoka, una chunusi ya joto kwenye paji.

"Mtani hakasiriki," Masolwa akasema.

Mustafa alinyanyuka. Alijikung'uta suruali. "Nakwenda kukuletea vitu vyako," alisema. "Saa hizi hizi."

Akaanza kutembea kuelekea lango. Advera alikuwa benki na Fakhrudin. Vijana walikuwa wamerudi kwenye majiko. Hakuna mwingine aliyejua, na neno lenyewe lilikuwa fupi tu: maji. Mwagia maji kwanza. Masolwa alifungua mdomo. Mustafa alifika langoni, akageuka, akampungia mkono, na mkono wenyewe ulikuwa ule ule wa khanga. Masolwa akafumba mdomo. Akachukua fagio akaanza kufagia pale Mustafa alipogaragara.

Aliufagia ule uwanja wote. Alipomaliza alianza upya. Ghafla akatupa fagio, akatoka mbio, na ndiyo, alikimbia, tusimnyime haki yake. Alikimbia na suruali yake ya kazi akipita katikati ya baiskeli na mikokoteni, watu wakimpisha, na alipofika sokoni akausikia mlio. Haukuwa mkubwa. Muuza vitunguu alisema ni tairi la lori.

Waliokuwepo walisimulia hivi. Mustafa aliitelemsha ndoo kutoka darini. Punje zilikuwa zimekauka na kugandamana kwa joto, haziwezi kumiminika. Akataka amrudishie mwenzake mali yake ikiwa nzuri, basi akachukua mwiko wa chuma, akapiga magoti jikoni, akaanza kuzikwangua. Mkewe, Mwanahawa, alikuwa uani anaanika nguo. Paa la jiko liliinuka, Mwanahawa akaanguka. Mustafa alifia ndani ya bajaji kabla hawajafika hospitali.

Kesho yake ni mazishi. Masolwa hakwenda. Alijifungia ndani, akakaa kitandani, miguu chini. Lakini thubutu waachwe wafiwa bila mtani! Watu walikuja kugonga. "Masolwa! Maiti inataka kutoka, mtani hayupo, hii ni aibu gani? Yeye alikuzikia mkeo!" Wakamtoa. Wakamkokota hadi Ng'ambo, na njiani tayari wengine walikuwa wameanza kucheka kwa kumtarajia.

Uani palijaa. Fakhrudin alikuwa ameleta sanda na magunia ya mchele, amekaa kwenye kiti na kofia yake ya dhahabu. Advera alisimama kando ya wanawake, mtandio kichwani, macho yamevimba. Jiko lilikuwa majivu na mabati yaliyojikunja. Mtu mmoja akamvika Masolwa kofia ya Mustafa, ile ya kazini yenye matone ya nta. Watu wakamtazama mdomoni.

Kofia ilinuka jasho la Mustafa. Masolwa alisimama katikati ya uwanja, mikono inaning'inia.

"Mimi ndiye niliyemuua," alisema.

Halafu mzee mmoja akapiga paja: "Ameanza!" Na uani pote kicheko kikalipuka.

"Nasema kweli! Nilijua zimekauka. Nilijua zitamlipua, nikamwacha!"

"Ehee! Vipande vipande!" alipaza kijana mmoja wa karakana, akipangusa machozi. "Alimwambia kweli, sote tulisikia! Akamjibu, mnizike kwenye kisado!"

Hapo ndipo watu walipokwisha kabisa. Wanawake waliegemeana. Mama mmoja aliyelia tangu jana mpaka sauti ikakauka alicheka na kukohoa, akapewa maji. Masolwa alipiga magoti mchangani. "Jamani, nisikilizeni! Neno moja tu, nilikuwa nalo mdomoni, sikulisema! Nilimchukia! Nikamchinja jogoo wa Suzana ili nisimpe! Nipelekeni polisi!"

"Na machozi anayatoa! Tazameni, machozi ya kweli!"

"Mnyamwezi huyu ni balaa. Marehemu angempenda leo."

Akaanza kulia kwa sauti, akajipigapiga kichwa, na kila alivyolia ndivyo walivyozidi kucheka, maana mtani anayelia msibani kwa mtani wake ni kichekesho kikubwa kuliko vyote. Sheikh mwenyewe alifunika mdomo kwa mkono. Mtu mmoja tu hakucheka. Advera alikuwa amemkazia macho, na Masolwa akaona anakumbuka: ndoo nimeisogeza kule nyuma, madamu, kwenye kivuli. Masolwa akamtolea mikono. Sema, mwanangu. Sema wewe, utaaminiwa. Advera akamtazama Fakhrudin kwenye kiti, akalitazama jiko lililoungua, akazitazama punje zake mwenyewe zilizotapakaa mchangani, zimegeuka kijani. Kisha akainamisha kichwa, akaanza kutafuta kitu ndani ya mkoba.

"Inatosha, inatosha," sheikh alisema. "Mlipeni mtani, maiti itoke."

Ndipo sauti ya Mwanahawa ikasikika kutoka nyuma ya pazia la mlango. Ilikuwa imepasuka, lakini ilikuwa na kicheko kidogo ndani yake, kicheko alichopewa sasa hivi na Masolwa, cha kwanza tangu jana.

"Shemeji, Mungu akulipe. Umenisaidia. Ngoja upewe chako."

Dada yake akatoka na jogoo, mweupe, mnene, miguu imefungwa kwa kitambaa.

"Ni wa marehemu," Mwanahawa alisema. "Jana aliingia mbio, akaniambia nimkamate huyu nimfunge, anakupelekea pamoja na vitu vyako. Alisema umemkasirikia, na safari hii haki ni yako. Alisema jogoo wa Suzana hakustahili kuombwa. Akaingia jikoni, hakutoka. Basi mchukue, shemeji. Yeye ameshakukomboa."

Watu walipiga makofi. Masolwa alimtazama jogoo, na jogoo akamtazama kwa jicho moja. Hakuna mtani anayekataa malipo yake, hilo nalo ni sheria. Walimwekea kwapani, wakamnyanyua kutoka mchangani, wakamkung'uta magoti. Jeneza likatoka, na Masolwa akalifuata akiwa na kofia ya Mustafa kichwani, na wale waliotembea nyuma yake hadi makaburini waliendelea kucheka kila mabega yake yalipotikisika.